Hayo Magari Mnamtunzia Nani?

Ukipita yadi za magari pale Ngong Road, hesabu rangi. Nyeupe, kijivu, nyeusi, fedha, nyeupe tena. Muulize muuzaji mbona hana ya kijani kibichi. Atakucheka, akwambie hiyo haiuziki. Na hadanganyi. Mteja wake hatafuti gari la kuendesha, anatafuta gari la kuuza. Hata kianzio hajalipa na tayari anamwaza mtu wa pili, yule atakayelinunua baada yake. Ndiyo maana nailoni za viti zinakaa miaka mitatu bila kubanduliwa, zinalia kila abiria akijisogeza, zinachoma mapaja jua likiwaka. Buda, hivyo viti unamtunzia nani?

Nauliza kwa sababu huyu mtu wa nailoni ndiye amejifanya refa wa ladha za magari Kenya. Sisi wengine, tunaopenda gari lililoguswa, tunatukanana vizuri sana bila yeye. Wa Subaru anasema nganya ni disko lenye magurudumu. Wa nganya anasema Subaru ni bati la kupigia kelele. Wa magari yaliyoshushwa mpaka yakwaruze tuta anawacheka wa Land Cruiser zilizoinuliwa, nao wa Land Cruiser hawamwoni kabisa, wamekaa juu mno. Matusi haya sina shida nayo. Mtu hamtukani mwenzake hivyo kwa kitu asichokijali. Shida yangu ni refa akiingia na neno lake moja: safi. "Gari ni safi, halijaguswa, liko vile lilitoka Japani."

Hebu tulitazame hilo neno. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hivyo gari "safi" la Mkenya wa kawaida ni gari ambalo Mjapani alilichagua, akalitumia miaka saba, akalichoka. Rangi ni chaguo lake. Harufu ya ndani ni yake. Hata ile redio inakuongelesha Kijapani. Halafu wewe unajisifu kwamba hujabadilisha kitu. Ni kama kuhamia nyumba na kuacha picha za harusi za mpangaji aliyetoka zikiwa bado ukutani, eti usiharibu ukuta.

Najua jibu: pesa. Gari la kawaida hapa ni akiba, ni dhamana ya mkopo, ni karo ya mtoto mambo yakiharibika. Hilo naliheshimu. Mtu mwenye mkopo wa kulipa hana wajibu wa kupaka Vitz yake rangi ya zambarau ili anifurahishe. Lakini basi aseme hivyo: mimi naogopa hasara. Asichukue woga wake wa hasara akaupandisha cheo ukaitwa ustaarabu, kisha akautumia kumpima kijana wa Umoja aliyeweka taa za buluu chini ya gari yake.

Na huo ustaarabu una macho ya ajabu. Chukua ile Land Cruiser ya mtu wa Karen: imeinuliwa, ina lile bomba refu la kuvutia hewa kando ya kioo, winchi mbele, taa sita juu, hema kwenye paa. Mto pekee ambao imewahi kuvuka ni Mombasa Road mvua ikinyesha. Hayo ni mapambo, wasee. Ni mapambo kama vile skrini ndani ya nganya ni mapambo. Lakini moja linaitwa kupenda safari, lingine linaitwa ushamba. Moja askari wa trafiki analipigia saluti, lingine analiweka kando. Kama ni suala la macho tu, mbona macho yanajua mtaa wa mwenye gari?

Nganya ndiyo imelipa bei kubwa zaidi ya huu usafi. Mwaka wa 2004, chini ya waziri John Michuki, serikali ilileta mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na mstari wa manjano ubavuni. Mikanda, sawa kabisa. Vidhibiti, sawa, hata mwenye matatu aliyenuna alijua ni sawa. Lakini pamoja na hayo ukaja msako wa michoro, na hapo ndipo mtu anafaa kuuliza swali la kitoto: mchoro umewahi kushika usukani? Dereva anayepita upande usio wake Outering akiwa na uso wa mwanasoka mgongoni mwa basi atapita hapo hapo akiwa na basi jeupe. Tofauti ni kwamba lile jeupe utalisahau kabla hujakariri namba. Mwishoni mwa 2014 Uhuru Kenyatta akasema vijana waachwe wachore, michoro ni kazi kama kazi nyingine. Novemba 2018, serikali ikiwa ni ile ile, sheria za Michuki zikafufuliwa na msako ukaanza tena. Mchoraji aliyenunua kompresa katikati ya hizo tarehe mbili angemuuliza nani?

Maana hapa ndipo watu wa "safi" hawajui wanachokizungumzia. Chasisi ya Isuzu huingia karakana ikiwa uchi. Kuna wa kukata mabomba ya mraba na kuchomelea mbavu. Kuna wa mabati, wa fiberi, wa vioo. Fundi wa viti anashona nembo kwa uzi wa rangi tatu. Fundi wa umeme lazima ahakikishe skrini, spika na taa zote hizo haziui betri kwenye foleni ya Lang'ata Road. Halafu anakuja mchoraji, anakaa juu ya kreti la soda na bunduki yake ndogo ya rangi, anatoa kivuli cha shavu la mtu kwenye bati lenye mikunjo, na ukirudi nyuma hatua kumi yule mtu anakutazama. Wengi wa hawa hakuna chuo kilichowafundisha. (Mimi chuo kilinifundisha miaka miwili, tukaachana, na sijui kufanya hata robo ya hicho kivuli.) Siku nilipokuwa bado naenda masomo niliona wanafunzi kwenye stejini ya Rongai wakiacha basi tupu liondoke, wakingoja nganya, na mtihani uko saa mbili. Niambie ni jumba gani la sanaa Nairobi lenye foleni kama hiyo asubuhi.

Sisemi kila kitu kwenye nganya ni cha kupigiwa makofi. Makanga anayemshika msichana mkono kwa nguvu ni makanga wa kushtakiwa. Besi inayotetemesha dirisha la wodi ya wazazi saa nane usiku ni kelele, na sheria ya kelele ipo. Mshtaki kwa kelele. Usimshtaki kwa zambarau.

Hii tabia ya dola kuvaa miwani ya refa haikuanzia kwetu. California, mwaka wa 1958, sheria ilikataza sehemu yoyote ya bodi ya gari kushuka chini kuliko rimu za magurudumu. Waliokuwa wakishusha magari yao, yakitembea taratibu mtaani ili yaonekane, walikuwa hasa vijana wenye asili ya Meksiko. Mwaka uliofuata kijana mmoja, Ron Aguirre, akafunga pampu za ndege za kivita kwenye Corvette yake: akimwona polisi, gari linapanda; polisi akipita, linashuka. Miji ikaja na marufuku ya kutembeza magari hayo barabarani. Ilibidi ifike Januari 1, 2024 ndipo sheria ya jimbo zima ikayafuta hayo marufuku. Miaka yote hiyo, na leo gari la aina hiyo limewekwa jumba la makumbusho, likitazamwa na watu walewale.

Turudi kwa Subaru, kwa sababu ndio wanaodharauliwa hata na wenzao. Nimesikia mara nyingi kwamba kijana wa Subaru ni kelele bila akili. Sikiliza basi ile kelele ni nini. Injini yake ni bapa, pistoni zimelala ubavu zikirushiana ngumi. Kwenye zile za zamani, mabomba ya kutoa moshi hayakulingana urefu, kwa hivyo moshi wa silinda moja unafika kabla ya mwenzake na mlio unatoka na kigugumizi. Wahandisi walikuja kulirekebisha: Legacy ya turbo iliyotoka 2003 ilipewa mabomba yanayolingana, na kigugumizi kikapotea. Na wapo wanaolipa fundi arudishe yale yasiyolingana, wakijua wazi kwamba gari litazubaa kidogo likianza kuvuta. Wanalipia kasoro. Huyo si mjinga. Huyo ana sikio, na ameamua sikio lake lina thamani kuliko karatasi ya kiwanda.

Na hilo sikio halikutoka kwenye filamu. Hii ni nchi ya Safari Rally. Colin McRae aliishinda 1997 akiwa kwenye Impreza, na kabla yake, 1993, Patrick Njiru wetu alimaliza mbio hizo akiendesha Vivio, kigari cha sisi 660, kidogo kuliko injini za pikipiki nyingi kubwa. Mtoto aliyebebwa mabegani kando ya vumbi hilo sasa ana mtoto wake, na mtoto wake ana Impreza ya mkopo yenye ekzosi kubwa kuliko mshahara. Unataka asikie nini akifunga macho, Vitz?

Basi ikija zamu ya kutungiwa sheria nyingine, maana itakuja, watu wa ukaguzi wakague breki. Wakague tairi, mikanda, ule mlango wa dharura ambao mara nyingi umefungwa na kiti. Wakimaliza hapo, wafunge daftari.

Mengine tuachieni tugombane wenyewe. Mimi kwa mfano siwezi kuyavumilia magurudumu yaliyolazwa kama miguu ya ndama aliyezaliwa leo, yanakula tairi upande mmoja na gari halikati kona. Nilimwambia hivyo jamaa mmoja Jumapili iliyopita, kwenye maegesho, mbele ya gari lake. Akaniuliza ni nganya gani naipenda. Nikamtajia. Akasema hiyo rangi yake inafanana na keki ya harusi iliyoachwa juani, na ile taa ya mbele ni ya basi la mazishi. Kisha akachuchumaa kunionyesha jinsi alivyokata bracketi ili gurudumu lilale vile, na tukakaa hapo chini hadi giza likaingia, yeye akinishawishi, mimi nikikataa.