Rangi Isiyotoka Majanini

Na Anselm Kibwana

Absinti ya kijani iliyo njema, kama ilivyopikwa na mafundi wa bonde la Val-de-Travers huko Uswisi na jirani zao wa Pontarlier, Ufaransa, ambako Henri-Louis Pernod alifungua kiwanda mwaka 1805, haipati rangi yake kwa kupakwa: kileo kikisha kukenekwa pamoja na pakanga, anisi na shamari, nacho hutoka bila rangi yoyote, hurudishwa juu ya majani ya hisopo na pakanga ndogo, kikapashwa moto taratibu hata kikanyonya ukijani wa majani hayo pamoja na harufu na ladha yake. Basi mwenye kutia rangi za maabara, manjano ya E102 na buluu ya E133, hakukosea katika pambo peke yake. Ameruka daraja nzima ya kazi, na ulimi una haki ya kumdai.

Niliyoionja wiki hii ni ya namna hiyo. Niliinua bilauri kwenye mwanga wa dirisha nikaona kijani kikali, kisichoyumba, ilhali kijani cha majani huelekea manjano, na miaka ikipita hugeuka rangi ya jani kavu. Nikatia maji ya barafu tone kwa tone, na insafu yanilazimu niseme kwamba ukungu ulitanda vizuri, kwa kuwa ukungu ni kazi ya mafuta ya anisi, ambayo huyeyuka katika kileo kikali na kujitenga maji yazidipo, wala hauna habari na rangi. Lakini ulitoka wa kijani cha dawa ya meno, pale nilipotaraji weupe wenye kivuli cha manjano. Kinywani anisi ilitangulia, uchungu wa pakanga ukaja mwisho, mwembamba lakini wa kweli. Baina yao, mahali pa hisopo, palikuwa patupu.

Sidai kwamba rangi hizi ni sumu. Wachuuzi wa karne ya 19 waliotia chumvi za shaba ndio waliostahili lawama hiyo. Hizi za leo zimeruhusiwa kisheria. Dai langu ni la amana. Aliyekeneka kileo hiki alijua kazi yake. Aliyemharibia ni yule aliyeamua kwamba mnunuzi hatakitaka ila kikimetameta, hoja iliyokwisha kukanushwa huko huko Val-de-Travers, ambako tangu marufuku ya 1910 hata ilipoondolewa mwaka 2005 watu waliipika absinti kwa siri, nyeupe, bila tone la rangi, na hata leo wanaipenda hivyo.

Chupa hii ingaliachwa nyeupe, ningaliisifu. Kwa hali iliyo nayo sitainunua tena, na atakaye kuinunua na aigeuze kwanza, asome herufi ndogo za nyuma.