Baraza Si Mahali pa Televisheni

Baraza ni neno kubwa katika lugha yetu. Kwanza ni kikao kilichojengwa kwa mawe na chokaa mbele ya nyumba, ambapo watu hukaa kupunga upepo jua linapopungua. Pili ni watu wenyewe waliokaa juu ya kikao hicho. Tatu ni kazi waifanyayo watu hao, nayo ni kusemezana na kushauriana. Ndiyo sababu nchi yetu ina Baraza la Mawaziri, chifu huitisha baraza lake, na ninyi wanafunzi hamwezi kumaliza masomo bila ya kulikabili Baraza la Mitihani. Hata gazeti moja la Kiswahili lililoanzishwa Nairobi mwaka 1939 liliitwa Baraza. Jina la kikao cha mawe limepanda mpaka katika serikali kwa sababu moja tu: baraza ni mahali ambapo mtu husema na mwenziwe akamjibu.

Siku hizi umezuka mtindo wa kutundika televisheni mahali hapo. Mwenye uwezo hupigilia chuma ukutani juu ya baraza au verandani, akapitisha waya dirishani, na tangu magharibi mpaka usiku wa manane kioo hung'aa na kunguruma mbele ya nyumba. Nia yangu katika insha hii ni kuupinga mtindo huo. Sisemi kwamba televisheni ni kitu kibaya. Tangu ilipoanza kuonyeshwa Kenya mwaka 1962 imetuletea habari za mbali, michezo na mafunzo mengi, na mtu aichukiaye yote pia ni mjinga sawa na mtu aipendaye yote pia. Neno langu ni juu ya mahali pake. Chungu ni kitu chema, lakini hakiwekwi juu ya kitanda.

Wapendao mtindo huo wana hoja zao, na haki yao ni kusikilizwa kwanza. Husema kwamba pwani kuna joto, hasa katika miezi ya kaskazi, Desemba mpaka Machi, wakati sebule huwa kama tanuri ilhali nje pana upepo. Husema tena kwamba televisheni ikiwa ndani humfaa mwenye nyumba peke yake, na ikiwa nje huufaa mtaa mzima; basi kuitoa ni ukarimu. Mwisho husema kwamba mazungumzo yamekwisha kufa, maana kila kijana ameinamia simu yake. Heri basi watu watazame kitu kimoja pamoja kuliko kila mtu kutazama chake.

Hoja hizi si za upuuzi, nami nitazijibu. Lakini kabla ya kuzijibu, na tulitazame jambo lenyewe kwa macho ya fundi, kwa maana hata jua na hewa ya pwani vinalipinga. Televisheni ya kawaida ya nyumbani imetengenezwa kwa chumba chenye kivuli. Kioo chake hutoa mwangaza wa kandela 300 mpaka 500 hivi kwa kila mita mraba. Ukuta mweupe wa chokaa ukipigwa na jua kali moja kwa moja huweza kung'aa kwa kandela zaidi ya 20,000 kwa mita mraba hiyo hiyo. Wanafunzi wa fizikia watafanya hesabu wenyewe: ukuta wa jirani unakishinda kioo mara arubaini na zaidi. Mtazamaji wa saa tisa za alasiri haoni mchezo; huona uso wake mwenyewe na ukuta wa mtu mwingine.

Kisha kuna chumvi. Upepo wa bahari hauji mtupu. Huja na chembe za chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewa. Vitu hivyo viwili huingia katika matundu ya kupozea yaliyo mgongoni mwa televisheni, vikala shaba na vifundo vya kulehemu vilivyomo ndani. Zaidi ya chumvi kuna umeme wa volti 240, uliopitishwa kwa waya mwembamba juu ya sakafu ambayo mvua ya masika huiroweka na watoto huipita bila viatu. Mkondo wa umeme wa miliampia makumi machache tu, ukipita kifuani, waweza kumwua mtu. Kwa hiyo mafundi wenye busara hufunga swichi ya kinga ambayo hukata umeme mara unapovuja miliampia 30. Ni nyumba ngapi zenye televisheni barazani zilizo na swichi hiyo? Kila mtu na achungulie kwake kabla ya kujibu.

Hata hivyo, nikiishia hapo nitakuwa nimeshinda kwa hila, kwa sababu kasoro hizi huponywa na fedha. Ziko televisheni zilizotengenezwa kwa ajili ya nje, zenye mwangaza mkubwa na zilizozibwa zisiingie maji wala vumbi, ingawa bei yake huipita ile ya kawaida mara kadhaa. Tuseme basi kwamba mwenye nyumba amenunua televisheni hiyo, fundi amefunga swichi, na paa limezuia mvua. Je, sasa jambo limekuwa jema? La. Sasa ndipo ubaya wenyewe unapoanza.

Itazameni namna baraza ilivyojengwa. Katika mji wa Lamu, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, nyumba za kale zina daka mbele ya mlango, na ndani ya daka hilo mna vikao vya mawe kulia na kushoto. Aliyekaa kulia humwelekea aliyekaa kushoto. Mwashi wa zamani hakukosea. Alijua kwamba mtu husema vizuri zaidi na uso kuliko kisogo. Nyuso za watu zilikuwa ndiyo tamasha ya baraza. Tundikeni sasa televisheni ukutani, na mara mtaona vikao vimekufa, viti vya plastiki vimepangwa safu safu njiani, na watu wote wameelekea upande mmoja kama abiria ndani ya basi. Mpita njia, ambaye zamani aliamkia kwa masalkheri akajibiwa na kinywa cha kila mtu, sasa hupita kwa kuinama mbele ya kioo, na badala ya salamu huambiwa, "Ondoka, unatuziba!" Njia ni ya watu wote, lakini mtu ameomba radhi kwa kuipita.

Nilipata kuona jambo katika mtaa mmoja wa pwani. Mtoto wa miaka kumi hivi alikuwa amekaa karibu na mzee, naye akamwuliza mtepe ulikuwa chombo cha namna gani. Mzee huyo alikuwa mtu wa bahari na mtoto wa mabaharia. Angaliweza kumweleza habari za chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila ya msumari hata mmoja, tanga lake lilivyosukwa kwa majani, na maji yalivyokuwa yakichotwa humo mchana na usiku. Lakini mpira ulikuwa karibu na lango, na mzee akamwashiria mtoto anyamaze. Mtoto akanyamaza. Bao halikuingia, na swali halikurudi tena. Hapo hapakuvunjwa sheria wala hakupigwa mtu, wala hakuna aliyeona kwamba kitu kimepotea. Hivyo ndivyo elimu ya wazee ipoteavyo: si kwa moto wala kwa gharika, bali kwa ishara ya mkono, "Nyamaza kwanza."

Wala msidhani kwamba mambo yasemwayo barazani ni ya upuuzi yasiyostahili kuliliwa. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Tungo zake nyingi hazikukusanywa mpaka karibu na mwisho wa karne hiyo, alipozikusanya Mwalimu Sikujua bin Abdallah, na diwani yake ikachapishwa mwaka 1940. Katika miaka hiyo yote kabla ya kukusanywa, mashairi hayo yalikaa wapi? Mengi yalikaa katika vinywa na masikio ya watu. Mmoja alisema, wa pili akakosoa, wa tatu akaongeza ubeti aliousahau wa kwanza. Fikirini kama katika nusu karne hiyo kila jioni ya Mombasa ingalikuwa na kioo kinachonguruma. Leo hii mngalikuwa na Muyaka gani wa kusoma darasani?

Ninyi msomao insha hii mbali na bahari msicheke mkasema kwamba baraza ni jambo la Waswahili peke yao. Wakikuyu walikuwa na thingira, nyumba ya mwanamume ambamo wavulana walikaa kando ya moto wakasikiliza. Wajaluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi ambamo watoto walipewa hadithi na vitendawili. Kila kabila lilikuwa na mahali ambapo mdogo aliruhusiwa kuuliza na mkubwa alilazimika kujibu. Majina ni mbalimbali, lakini kazi yake ilikuwa moja.

Tena liko jambo la haki. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 159, imeagiza mahakama zihimize upatanisho, usuluhishi na njia za jadi za kumaliza migogoro. Njia za jadi hazifanyiki hewani. Hutaka mahali, utulivu na watu waliozoea kusikilizana. Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Lakini hawakusema, penye wazee wanaotazama tamthilia. Majirani wawili waliogombania mpaka wa ukuta hawawezi kupatanishwa kwa sauti ya tangazo la sabuni.

Sasa nazijibu zile hoja tatu. Juu ya joto, dawa yake ni watu kutoka nje, si kioo kutoka nje. Upepo haupulizi vizuri zaidi kwa sababu televisheni imewashwa. Juu ya ukarimu, nasema kwamba ukarimu ni kumpa mtu kitu anachoweza kukikataa. Mtaa una mgonjwa, una mtoto mchanga, una mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani, na sauti ya televisheni huwaingilia wote bila ya kupiga hodi. Kanuni za nchi za mwaka 2009 juu ya kelele zinamkataza mtu kuwasumbua wenziwe hivyo, na adabu ilikwisha kumkataza kabla yake. Juu ya simu, nakiri kwamba ni balaa, lakini ni balaa ya mtu mmoja mmoja. Aliyeinamia simu aweza kuguswa bega akaulizwa swali. Televisheni huwanyamazisha wote pamoja, hata anayefungua kinywa huonekana mkosefu wa adabu. Balaa ndogo haifukuzwi kwa kuita kubwa.

Atatokea mtu aseme kwamba barazani kulikuwa na umbeya pia, na kwamba wanawake aghalabu hawakuketi mbele ya nyumba bali walizungumza uani. Ni kweli. Baraza haikuwa pepo. Lakini umbeya waweza kukanushwa na mtu aliyekaa hapo hapo, na desturi iliyomwacha mtu nje yaweza kutengenezwa kwa kumkaribisha. Televisheni haimkaribishi mwanamke katika mazungumzo. Humketisha mwanamke na mwanamume pamoja wasiseme wote wawili. Kasoro ya watu wasemao hurekebishwa kwa kusema zaidi. Televisheni husema isijibiwe, wala haijui kama uko au umekwisha kwenda kulala.

Je, isitoke nje kamwe? Sivyo nisemavyo. Tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42 na ushei mjini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, watu walikusanyika Eldoret na Nairobi mbele ya vioo vikubwa wakashangilia kwa sauti moja. Siku kama hiyo nani atakayethubutu kusema kioo kirudi ndani? Siku hiyo kioo kilikuwa mgeni wa heshima. Lakini tunajua sote lile neno la wahenga: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Televisheni ikipigiliwa ukutani si mgeni tena, imekuwa mwenyeji. Na haijapata kuonekana televisheni iliyoshika jembe. Basi na iwekwe juu ya meza, itolewe na mikono ya watu siku ya jambo kubwa, na jambo likiisha irudishwe ndani na mikono hiyo hiyo. Ukutani usitobolewe tundu.

Vijana, nawaandikia ninyi kwa sababu baba zenu wamekwisha kuzoea, na mtu aliyezoea kelele hasikii tena kwamba ni kelele. Ninyi ndio mtakaoitwa kesho kusema mbele ya hakimu, mbele ya mwajiri na mbele ya bunge. Kusema hakufunzwi na kioo. Hufunzwa na mzee anayekukatiza akasema, "Hapo umekosea," na rafiki anayecheka hoja yako ikiwa dhaifu, na mtoto anayekuuliza swali usilolijua. Mkirudi nyumbani likizo hii mkakuta televisheni inanguruma barazani, izimeni kwa heshima na kwa idhini ya mwenyewe, kisha mwulizeni mzee aliye karibu swali moja tu. Mwulizeni habari za mtepe, au za njaa aliyoiona utotoni, au za jina la mtaa wenu lilikotoka. Naye akianza kujibu, msimkatize upesi, maana huenda ni muda mrefu tangu alipoulizwa.