Kabla Hujaomba Pesa ya Monita, Shika Rimoti ya Mamako

Niseme mapema kabla hamjanirukia: wengi wetu hatuhitaji monita. Tunahitaji kukaa chini nusu saa na rimoti ya TV.

Kila mara naulizwa swali lilelile na vijana wa hapa Kinondo, Ukunda mpaka Msambweni: "Bro, nataka kuanza kuediti, ninunue monita gani?" Nami namuuliza, kwenu kuna TV? Ipo. Ina tundu la HDMI? Linalo. Basi monita unayo bana, iko sebuleni inaonyesha taarifa ya habari.

Naongea hivi kwa sababu huyo alikuwa mimi. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikwama, nikarudi nyumbani na simu na maneno ya watu. Nikajikusanya, nikavuka feri Likoni, nikanunua CPU ya Ex-UK Mombasa. CPU tupu, pesa ya monita haikubaki. Nikambembeleza mama anipe TV yake ya inchi 32 mchana, kwa sharti moja: ikifika saa moja, waya wangu uwe umetoka.

Shida zikaanza hapo. CPU nyingi za maofisini zinazoletwa Ex-UK hazina HDMI. Zina VGA, ile ya pini nyingi na skrubu mbili, na DisplayPort, inayofanana na HDMI lakini kona moja imekatwa. Niliuziwa adapta ya VGA, picha ikaja, sauti hakuna. Siku mbili nalaumu spika za TV. Kumbe VGA haibebi sauti kabisa, hata ufanyeje. Ya DisplayPort kwenda HDMI ndiyo niliyotakiwa kununua, inabeba vyote viwili. Na hata hapo lazima uingie kwenye sauti za kompyuta uchague TV, la sivyo itaendelea kupigia kwenye spika ndogo ya CPU.

Kidogo nikaona picha imekatwa kando. Ile mistari ya chini yenye saa na programu, yote imejificha. Fundi mmoja akaniambia TV ni mbovu, ninunue monita. Nikamwamini! Ukweli ni kwamba hiyo ni tabia ya tangu enzi za zile TV zenye mgongo mnene. Kingo za picha zake hazikuwa sawasawa, kwa hivyo picha ilivutwa kidogo ikazidi kioo, uchafu ukajificha nyuma ya fremu. TV za sasa hazina haja hiyo ila nyingi bado zinavuta. Ingia sehemu ya ukubwa wa picha, tafuta Just Scan au Screen Fit, kila kampuni ina jina lake. Ukibonyeza, kingo zinarudi. Sekunde kumi, bila fundi.

Halafu herufi zikawa na ukungu. TV nyingi za inchi 32 zinazoitwa HD zina pikseli 1366 kwa 768. Full HD ni 1920 kwa 1080, karibu mara mbili ya hizo. TV inakubali kupokea Full HD, lakini inaibana iingie mahali padogo, na maandishi ndiyo yanayoumia. Angalia TV yako ni ya ngapi, uiambie kompyuta itoe hizohizo. Ukitaka herufi kubwa, ongeza ukubwa wa maandishi ndani ya kompyuta. Usishushe pikseli.

Lakini hayo yalinipotezea muda tu. Rangi ndizo zilizonitia aibu.

Nilipata kazi ya kulipwa, ya kwanza kabisa. Nahodha mmoja wa mashua za kupeleka wageni kuangalia samaki huku Diani alitaka video fupi. Nikaediti kwenye TV ya mama. Bahari ilikuwa ya buluu mpaka inaumiza macho, nikaona nimezidisha, nikaipunguza rangi mpaka ikatulia. Nikamtumia. Akanipigia baada ya dakika tano: "Kijana, hii ni bahari ya wapi?" Nikafungua kwenye simu. Maji ya kuoshea vyombo.

TV ilikuwa kwenye hali ya Vivid, ile ya kuvutia wateja dukani. Inakoleza kila kitu. Mimi nikawa naiondoa rangi ambayo kwenye video haikuwepo.

Nikamwambia ami anipe siku mbili, nikaenda kwa mama na mpango wangu: zamu yake ya chama imefika, anikopeshe ninunue monita. Mama hakukataa. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hii TV umeimaliza kuifungua yote?" Sikuwa nimeifungua hata robo. Pesa ile ilikuwa ya bati la jikoni.

Usiku huo, baada ya taarifa, nikakaa na rimoti. Nikatoa Vivid nikaweka hali ya sinema. Nikashusha ule ukali wa picha. Nikabadilisha mpangilio wa weusi pia, kwa sababu kompyuta huhesabu mwanga kutoka 0 mpaka 255, na picha za TV hutumia 16 mpaka 235. Visipoelewana, weusi unameza kila kitu au unageuka kijivu. Nilipimia klipu yangu ya wageni waliojifunga kaniki karibu na Kaya Kinondo. Kabla ya hapo kaniki ilikuwa shimo jeusi. Baadaye nikaona mikunjo ya nguo. Na mama hakuharibikiwa kitu: TV nyingi hutunza setingi za kila tundu kivyake, kwa hivyo king'amuzi chake kimebaki na rangi zake za harusi.

Nikaediti upya, nikahakikisha kwenye simu mbili tofauti. Nahodha akalipa. Bati likanunuliwa.

Sasa, sisemi monita ni bure. Ukikaa masaa manane mbele ya TV kubwa kwa karibu, shingo na macho vitakwambia. Na kama nyumba ina TV moja na watu saba, utagombana na kila mtu. Siku ukiwa na pesa, nunua. Wala sisemi chuo ni bure. Ningekuwa na karo ningekuwa huko.

Ninachokataa ni hii tabia yetu ya kudhani kila kikwazo ni kifaa ambacho hatujanunua. Video ikiwa mbaya, kamera. Rangi zikikataa, monita. Muuzaji hatakukatalia, hiyo ndiyo kazi yake. Na pesa tunayoiombea vifaa mara nyingi ni pesa ya bati la mtu.

Kwa hivyo nenda sebuleni, omba ruhusa kwa adabu, fungua kila kitu humo ndani. Ukimaliza na bado hakifai, hapo ndio uje uniulize monita gani.