Kura si Mali ya Ukoo

Ukoo ni ngao ya mnyonge: hulipa dia, hupatanisha, hulea yatima. Hilo hatulipingi. Lakini kule Mandera, kabla ya uchaguzi wa 2013, wazee wa koo waligawa viti kwa hoja ya kulinda amani. Kabla ya uchaguzi wa 2017 wazee wa ukoo wa Garre waliwaagiza viongozi wao waliochaguliwa wang'atuke baada ya kipindi kimoja. Gavana Ali Roba alikataa, na wapiga kura wakamrudisha. Mwanamke na kijana, ambao kwa kawaida hawaketi katika baraza la wazee, wana sauti kamili sandukuni. Kifungu cha 38 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia mtu mzima kura ya siri. Tuwaheshimu wazee wetu, lakini tusiwakabidhi kura zetu.