Moto wa Kwanza wa Jiko Jipya

Jiko la kuni la udongo likijengwa leo Ilomba na kukokewa moto mkali kesho, aghalabu hupasuka. Mama wa nyumba huliona halifai, naye hurudia mafiga matatu na moshi wake. Kwa maoni yangu, kosa haliko katika jiko, bali katika ukimya wa fundi aliyeondoka bila kueleza namna ya kulianza.

Udongo mbichi una maji. Mjini Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi za Sentigredi, wala si 100. Yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,500. Mvuke uliofungiwa ndani ya ukuta hujitafutia njia kwa kuupasua. Aidha, upande unaotangulia kukauka husinyaa kabla ya mwingine, na ufa hutokea.

Basi jiko likauke kivulini majuma mawili au zaidi, hasa wakati wa mvua. Kisha uwashwe moto mdogo wa vijiti, jiko lipoe kabisa, na kila siku moto uzidishwe kidogo. Nyufa ndogo zizibwe kwa udongo ule ule.

Mkakati wa Taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unakusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Hadi hapo, kuni zitaendelea kuwaka katika nyumba nyingi. Kwa hiyo fundi asihesabu kazi yake imekwisha kabla ya kumfundisha mpishi moto wa kwanza.