"Bado Haijajulikana" Nayo ni Jibu, Jamani

Kuna dada mmoja mpambaji wa maharusi, mzaliwa wa Kiranjeranje kule Kilwa. Jina lake halina kazi hapa. Wanaomfuatilia walishajua ana saratani ya titi maana alisema mwenyewe, akanyoa nywele laivu watu wakilia. Operesheni akafanyiwa, dripu za kemo akamaliza. Ikabaki posti moja tu iliyokuwa ikisubiriwa: "Nimepona."

Haikuja. Februari 2024 alipiga CT-Scan Dar, vikaonekana vidoa viwili kwenye pafu. Daktari hakusema ni saratani, hakusema siyo. Alisema ni vidogo mno, aendelee na vidonge vyake vya kila siku, arudi baada ya miezi mitatu. Dada akapanda basi la Kusini, akaenda kupumzika kwa mama yake.

Hapo watu wakaanza. Wambea: "Imeshasambaa hiyo, anaficha." Wenye imani: "Achana na habari za vidoa, wewe ni mzima." Shangazi yake naye kaja na chupa ya mizizi: "Mwanangu, hospitali wameshashindwa, hivyo vidonge vya nini tena?" Dada akakaa siku nne hajameza. Mama ndiye aliyemshtukia, alipoona vidonge havipungui.

Ukweli ni huu. Vidoa vya hivyo huonekana kwa watu kibao wanaopigwa CT-Scan, hata ambao hawajawahi kuugua saratani. Kovu la kifua kikuu cha zamani laweza kuonekana hivyo, nimonia pia. Lakini saratani ya titi nayo huweza kuhamia kwenye mapafu, ini na mifupa. Na kidoa kidogo sana si rahisi kukifikia kwa sindano ili kichukuliwe kinyama. Ndiyo maana daktari anasubiri: kikikua, kuna la kufanya, kikitulia, ni dalili nzuri. Kule kusubiri ndiyo sehemu ya kipimo chenyewe.

Sasa kusubiri Kiranjeranje siyo kama kusubiri Masaki. Ni zaidi ya kilomita 300 mpaka Dar. Mei 2024, miezi mitatu imetimia, mvua na kimbunga Hidaya vikakata barabara pale Somanga. Mabasi yakakwama. Tarehe ya hospitali ikapita yeye yuko barazani kwa mama, na simu inaita tu: "Majibu yametoka?" Yatoke wapi, shoga, na njia imekatika?

Tuseme ukweli, kumuuliza mgonjwa hivyo kila siku ni kutaka kujua mwisho wa muvi. Anayempenda kweli angeuliza: nauli unayo? Nani anakusindikiza? Vidonge vimebaki vingapi? Barabara ilipofunguka akiba ilikuwa imekata. Binamu yake akauza ufuta Juni, akampa nauli na hela ya kipimo, hakuuliza kitu kingine. Huyo ndiyo mtu.

Majibu? Vidoa viko vilevile, havijakua. Arudi baada ya miezi sita. Ni habari nzuri, ila bado haijajulikana. Akaposti hivyohivyo, bila kuongeza chumvi. Mtu wa kwanza kujibu: "Sasa mbona husemi umepona?"

Kwa sababu hajui, ndugu yangu. Na daktari wake hajui. Kumlazimisha achague kati ya "nimepona" na "nakufa" ni kumtaka adanganye ili wewe ulale vizuri. Yeye halali hivyo, na bado asubuhi anaamka anameza kidonge.

Juzi kapokea advansi ya bibi harusi wa Desemba, mwezi uleule wa kipimo. Wapo waliosema angesubiri kwanza. Asubiri mpaka lini? Brashi ameshanunua.

Mdau, kama unaye mtu wa hivi kwenye simu yako, meseji yako ya mwisho kwake ilisemaje?