Ankara ikija na akaunti mpya, simu itangulie malipo

Wapo wafanyabiashara wengi ambao hadi leo wanamfahamu tapeli wa barua pepe kwa sura moja tu: yule anayejiita mjane wa jenerali, aliyeachiwa mamilioni ya dola katika benki ya ng'ambo na anayetafuta mtu mwaminifu wa kugawana naye. Barua hiyo huchekwa ofisini, hufutwa, na kazi ikaendelea. Aliyeicheka hujiona amekwisha kuwa mjanja.

Kujiamini huko ndiko kunakowaponza wengi. Barua inayomfilisi mfanyabiashara siku hizi haina mjane wala jenerali. Inahusu mzigo aliouagiza mwenyewe, kwa bei aliyoikubali mwenyewe, na imeandikwa kwa jina la mtu ambaye amefanya naye biashara kwa miaka. Kilichobadilika ni kitu kimoja tu, nacho ni namba ya akaunti ya kulipia.

Watumiaji wa simu nchini Tanzania wanaujua utapeli huu katika umbo lake dogo. Ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" umetembea katika simu za wananchi kwa miaka mingi, hata Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ikaweka namba 15040 ya kupokelea taarifa za namba za matapeli. Anayetuma ujumbe huo hupiga ramli: huwatumia watu wengi kwa mpigo, akitumaini kwamba mmoja wao alikuwa mbioni kumtumia fedha ndugu au mwenye nyumba. Tapeli wa barua pepe hana haja ya ramli, kwani yeye husoma kwanza.

Jinsi mtego unavyotegwa

Kazi huanza kwa kuiba neno la siri. Mhasibu hupokea barua inayodai kuwa kisanduku chake cha barua kimejaa, au kwamba kuna hati ya mzigo inayomsubiri, na kwamba ili kuiona ni lazima aandike neno lake la siri. Akiandika tu, mlango umefunguka. Anaweza kuwa mhasibu wa mnunuzi au wa muuzaji. Kwa tapeli ni mamoja, kwa kuwa mazungumzo ya pande mbili yanaonekana kutoka upande wowote.

Akishaingia hana haraka. Kwa majuma kadhaa husoma nani huagiza nini, nani huidhinisha malipo, watu wanaitanaje, na profoma zina nembo gani. Mara nyingi huweka amri ndani ya kisanduku ili barua fulani zihamishwe pembeni, mwenyewe asizione.

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa Kariakoo aliyeagiza vifaa vya umeme kutoka Guangzhou, mzigo wa dola 18,000 za Marekani. Amekwisha kulipa arbuni ya asilimia 30, yaani dola 5,400. Kiwanda kimemaliza kazi, picha za maboksi zimetumwa, na salio la dola 12,600 linadaiwa kabla hati ya shehena haijatolewa. Siku hiyo hiyo inaingia barua ikieleza kwamba akaunti ya kawaida ya kiwanda iko katika ukaguzi, hivyo salio lilipwe kwenye akaunti nyingine. Nembo ni ile ile, kiasi ni kile kile hadi senti, na namba ya profoma ni sahihi. Analipa. Wiki mbili baadaye kiwanda kinamuuliza fedha ziko wapi.

Hesabu yake si ngumu. Ikiwa kila mzigo wa namna hiyo humwachia faida ya asilimia 10 baada ya gharama zote, yaani dola 1,800, basi dola 12,600 ni faida ya mizigo saba. Ataagiza mara saba, atalipa ushuru mara saba, atauza mara saba, ili arudi tu pale alipokuwa. Na mzigo wa kwanza bado hajaupata, kwa sababu kiwanda hakijalipwa na hakina wajibu wa kuuachia bure.

Hata wakubwa wameliwa

Kuna wanaodhani kwamba mambo haya huwapata wasio na elimu au wasio na kompyuta nzuri. Kumbukumbu za mahakama zinasema vingine. Kati ya mwaka 2013 na 2015, raia wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alifungua nchini Latvia kampuni yenye jina moja na kampuni ya Taiwan, Quanta Computer, ambayo ilikuwa ikiwauzia vifaa Google na Facebook. Kisha zikatumwa barua pepe na ankara kwa kampuni hizo mbili, zikitaka madeni halali ya vifaa yalipwe kwenye akaunti za Latvia na Cyprus. Zilitumwa zaidi ya dola milioni 120. Rimasauskas alikiri kosa mjini New York mwezi Machi 2019, na mwezi Desemba mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miaka 5.

Mwaka 2015 kampuni ya vifaa vya mawasiliano ya Marekani, Ubiquiti Networks, ilitangaza kuwa dola milioni 46.7 zilikuwa zimehamishwa kutoka kampuni yake tanzu ya Hong Kong kwa maagizo ya uongo. Kituo cha FBI kinachopokea malalamiko ya uhalifu wa mtandao kilipokea kwa mwaka 2023 malalamiko 21,489 ya utapeli wa barua pepe za biashara, yenye hasara ya dola bilioni 2.9.

Google na Facebook zilisema zilirejesha sehemu kubwa ya fedha zao. Zilikuwa na mawakili, na serikali kubwa nyuma yao. Mwenye duka la Mtaa wa Kongo hana. Kwa hiyo funzo la kesi hii kwake si kununua kompyuta bora kuliko za Google. Kompyuta za Google hazikuwa mbovu. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, kabla ya kulipa, kama kweli muuzaji amebadili akaunti.

Dalili za kutazama

Barua za namna hii zina alama zake. Ya kwanza na kubwa ni mabadiliko ya akaunti yenyewe. Kampuni iliyokaa na benki moja miaka kumi haihami ghafla katikati ya mzigo. Ikihama, hilo ni jambo la kuthibitishwa hata kama barua imetoka kwenye anwani halisi, kwa kuwa anwani halisi nayo inaweza kuwa imeibwa.

Ya pili ni jiografia. Kiwanda kiko China, akaunti mpya iko Ulaya au Mexico. Ya tatu ni jina: mwenye akaunti si kampuni iliyoandikwa kwenye profoma, ila ni mtu binafsi au kampuni yenye jina linalokaribiana. Ya nne ni anwani yenyewe. Tapeli asiyeweza kutumia anwani halisi husajili inayofanana nayo, ambapo herufi "r" na "n" zikikaa pamoja husomeka kama "m", au namba 1 husimama badala ya herufi "l". Jicho lililochoka halioni tofauti, hasa kwenye kioo kidogo cha simu.

Ya tano ni haraka na siri. Lipeni leo, meli inaondoka. Msipige simu, meneja yuko mkutanoni. Mfanyabiashara wa kweli anayedai fedha zake hufurahi kupigiwa simu. Anayemzuia mteja asipige ana sababu yake.

Dawa ni ya zamani

Kinga iliyo bora kuliko zote haihitaji mtaalamu wa kompyuta. Kila akaunti inapobadilika, mnunuzi apige simu kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, azungumze na mtu anayemfahamu, na ataje akaunti hiyo tarakimu kwa tarakimu. Namba iliyoandikwa ndani ya barua yenye akaunti mpya isitumike kamwe, kwa kuwa atakayepokea ni yule yule aliyeiandika barua.

Wengine watasema kwamba kupiga simu kila mara ni kumvunjia heshima mwenzako, kwani biashara ni kuaminiana. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana matapeli wanaipenda. Lakini anayethibitisha akaunti hamdhanii mwenzake wizi. Anamlinda mwenzake asinyimwe fedha zake. Muuzaji akielezwa hivyo mara moja, mwanzoni mwa uhusiano, hatakasirika, na ni vyema jambo hilo liandikwe kwenye mkataba wenyewe: mabadiliko ya akaunti hayatakuwa halali kwa barua pepe peke yake. Mstari huo mmoja utawasaidia wote siku mzozo ukizuka, wakati muuzaji anasema hajalipwa na mnunuzi anasema amelipa.

Tofauti ya saa pia si kisingizio. Saa 6 mchana Dar es Salaam ni saa 11 jioni Guangzhou. Anayefanya shughuli za malipo asubuhi atawakuta wenzake bado wako ofisini.

Yafaa kuongeza tahadhari moja ambayo miaka michache iliyopita isingehitajika. Mwanzoni mwa mwaka 2024, mfanyakazi wa ofisi ya Hong Kong ya kampuni ya wahandisi ya Arup alipokea ujumbe kuhusu malipo ya siri. Alitilia shaka, kisha akaitwa kwenye mkutano wa video ambako aliona sura na kusikia sauti za wakubwa wake. Zote zilikuwa zimetengenezwa na kompyuta. Zilitumwa dola za Hong Kong milioni 200, katika miamala 15. Kwa hiyo kuona sura na kusikia sauti hakutoshi ikiwa aliyekupigia ni yeye. Simu yenye thamani ni ile unayoipiga wewe.

Ndani ya ofisi, malipo makubwa yaidhinishwe na watu wawili, hata kama wa pili ni mke, mume au ndugu wa mwenye duka. Neno la siri la barua pepe liongezewe uthibitisho wa pili kwa simu. Benki nazo zina deni hapa. Mara nyingi fedha zinazovuka mipaka hufuata namba ya akaunti bila jina kulinganishwa. Uingereza ilianza mwaka 2020 kuwawezesha wateja wa benki zake kubwa kuhakiki jina kabla ya kulipa. Hadi huduma kama hiyo imfikie kila anayetuma fedha ng'ambo kutoka Afrika Mashariki, karani wa benki anayeona mteja wa miaka mingi akibadilisha mpokeaji hana budi kumuuliza swali moja.

Fedha zikishatoka

Aliyegundua amelipa asiyestahili asikae kuona haya. Fedha hizo huhamishwa haraka kutoka akaunti moja kwenda nyingine, na kila saa inayopita hupunguza tumaini. Aende benki yake papo hapo, aombe malipo yarudishwe na benki iliyopokea ijulishwe kuzuia akaunti. Kisha atoe taarifa polisi, kwani Tanzania inayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kenya inayo sheria yake ya mwaka 2018. Barua zote zihifadhiwe bila kufutwa. Neno la siri libadilishwe, na amri za siri zilizowekwa kwenye kisanduku zitafutwe na kuondolewa, la sivyo mgeni ataendelea kusoma.

Mwekezaji mdogo naye

Mwenye hisa chache katika Soko la Hisa la Dar es Salaam asidhani hayamhusu. Mstaafu aliyepata kiinua mgongo na kutaka kununua hisa au hatifungani anaweza kupokea barua kwa jina la dalali wake, yenye nembo yake, ikimwelekeza alipe kwenye akaunti mpya. Kanuni ni ile ile. Ahakikishe kwamba dalali ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, apige simu au afike ofisini, na asimpe mtu yeyote neno la siri, hata anayejiita mfanyakazi wa benki. Kwa mwenye duka, hasara ya namna hii ni mizigo saba. Mstaafu hana mzigo wa pili wa kufidia.

Biashara ya Afrika Mashariki imejengwa juu ya watu kuaminiana wakiwa mbali, tangu enzi za majahazi hadi za kontena. Uaminifu huo haukuwa wa kufumba macho. Barua iliyoletwa na mgeni ilithibitishwa kwa mtu anayefahamika kabla mali haijatolewa. Dakika tano za simu ni bei ndogo ya kuendeleza desturi hiyo.